Siku Nilipokombolewa Mara Nne

Nilikombolewa mara nne siku moja, kati ya saa tatu asubuhi na adhuhuri. Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe, mara ya pili aliharibu kuku, mara ya tatu jua liliingia mawinguni, na mara ya nne mwenye kamera akasema sawa, imetosha. Wakafunga vyombo vyao, wakapanda gari wakaondoka. Nami nikarudishwa ndani.

Nikiwasimulia watu wanacheka, nami nacheka nao, maana jambo ukikaa nalo muda mrefu unajifunza kulitania. Lakini siku yenyewe sikucheka hata kidogo. Hofu niliyoipata saa ile haikuondoka na gari lao. Nilikaa nayo miaka minane, nikaolewa nayo, nikawa naamka nayo kila siku kabla mume wangu hajaamka.

Kwetu ni upande wa Marui, Kisarawe, nasi tulikuwa tumekwisha kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwenye mstari kama wanafunzi wa gwaride. Nilivunja ungo nikiwa darasa la sita. Kwa Wazaramo wa wakati ule shule ilikomea hapo mpaka wakubwa waseme vinginevyo, na bibi yangu, mama yake baba, hakuwa mtu wa kusema vinginevyo. Nikawekwa ndani. Chumba kilikuwa cha nyuma, dirisha limezibwa kwa jamvi. Mwali haonwi na mwanamume, haguswi na jua, hasemi kwa sauti, na akitaka kwenda uani hufunikwa gubigubi na kuongozwa kama kipofu. Wengine walikaa miezi sita, wengine mwaka, wengine zaidi ya hapo. Hakuna aliyeniambia mimi ningekaa muda gani.

Nilipoingia, bibi alinipa mwana hiti. Ni kimti kifupi kilichochongwa kama mtoto asiye na mikono wala miguu, kina kichwa, kina nywele halisi za watu, na shanga shingoni. Huyu wa kwetu alikuwa mzee kuliko bibi mwenyewe. Mikono ya wanawali waliotangulia ilikuwa imemlainisha akang'aa. Kazi yangu ilikuwa kumpaka mafuta, kumchana, kumlaza nilipolala na kumwamsha nilipoamka. Bibi alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Huyu ndiye kizazi chako," aliniambia. "Ukimwangusha, umejiangusha. Nawajua waliomwangusha, mpaka leo wanalea watoto wa wenzao."

Hakulisema kwa kunitisha. Alilisema kama mtu anavyokuonya kwamba chungu kina moto, na ndiyo maana niliogopa zaidi.

Sasa yuko bibi maendeleo. Ndivyo tulivyowaita akina mama waliotumwa na wilaya kutufundisha usafi, uzazi, bustani na kusoma. Huyu wetu alikuwa mwanamke mrefu, amekata nywele, anavaa saa ya kiume, na alikuwa hodari kweli. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake kwa mkono wa mwanamke huyo, vidole juu ya vidole. Alikuwa pia mkubwa wa akina mama wa chama, na kila mkutano alisema maneno yaleyale: kwamba nusu ya taifa imefungiwa uani, kwamba binti anayewekwa ndani anatoka mnene, mweupe na mjinga, na kwamba nchi haiwezi kujitegemea kwa mkono mmoja. Niliyasikia yote nikiwa nyuma ya jamvi, maana mikutano ilifanyika karibu na kwetu na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

Nami nilikubaliana naye. Nataka hilo lieleweke. Katika hadithi za siku hizi mwanamke wa maendeleo huonyeshwa kama mtu aliyekuja kuharibu, na bibi kama mlinzi wa kila kilicho chema. Mimi nilikaa ndani ya kile chumba. Nilikuwa wa tatu darasani, na nilikuwa nasikia wenzangu wakipita asubuhi na madaftari yao wakinong'ona kwangu dirishani. Nilitaka kutoka. Nilitaka mpaka nikajiogopa, kwa sababu niliamini kwamba kutamani kwenda nje huku nimemshika mwana hiti ni kumuumiza yeye.

Basi siku moja bibi maendeleo akaja na watu wa sinema kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatengeneza filamu ya maendeleo ya wanawake. Walishapiga picha za mwanamke anayeendesha trekta, na wanawake wa mgambo wakipiga kwata kule Kibaha. Sasa walitaka mwali anayetoka gizani. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia baba. Baba alikuwa mpole, na mtu mpole akiombwa na serikali hana pa kujificha. Alikubali kwa sharti moja, kwamba bibi asijue. Siku hiyo zamu ya akina bibi ilikuwa shamba la mikorosho la kijiji, na wakitoka alfajiri hawarudi mpaka alasiri. Majirani wakaambiwa watu wa sinema wamekuja kupiga picha choo chetu, maana kilikuwa choo cha mfano. Hakuna aliyeshangaa.

Uani kwetu kulizungushiwa makuti. Baba na mwenyekiti wakabaki barazani mbele. Nyuma kulikuwa na mwenye kamera, mwenzake aliyebeba chombo cha kunasa sauti, bibi maendeleo, na mama yangu aliyesimama chumbani nyuma yangu, kwenye giza. Mama hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

"Ukisikia nasema 'haya', fungua mlango utoke," mwenye kamera aliniambia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Tembea kuelekea kwenye jua. Usinitazame mimi. Tazama mbele, kama unayatazama maisha mapya."

Sikuwahi kuyaona maisha mapya, nisingejua yanatazamwaje. Aliposema "haya" nilifungua mlango, jua likanipiga usoni mfano wa kofi. Miezi mitano sikuwa nimeliona. Nilisimama palepale nimefumba macho, machozi yananitoka, na wanaume wawili wananitazama. Nilisikia mwili wangu wote ukitaka kurudi ndani kama konokono. Hiyo ndiyo mara ya kwanza, nayo ikaharibika.

Mara ya pili nilitoka vizuri, lakini kuku na vifaranga vyake wakapita katikati, na mwenye kamera akasema kuku hawezi kuwa kwenye filamu ya serikali. Mara ya tatu wingu likaja. Tukangoja. Wakati tunangoja ndipo mwenye kamera alipomwona mwana hiti mkononi mwangu, kwa maana sikuwa nimemwacha hata mara moja.

"Hicho ni nini?"

Bibi maendeleo akamweleza. Alieleza vizuri, naye alizaliwa Kisarawe, alikuwa anajua. Mwenye kamera uso wake ukachangamka.

"Hicho hicho! Safari hii atoke nacho, halafu akitupe. Akitupe nyuma yake aende zake asigeuke. Anatupa ya kale. Mmeona?"

Nilimtazama bibi maendeleo. Niliamini atakataa. Alikuwa mwanamke, alikuwa wa kwetu, na najua yeye mwenyewe aliwahi kumlea wake. Nikaona ameuma mdomo wa chini. Kisha akaitikia kwa kichwa, pole pole, nikaelewa kwamba hata yeye, pamoja na saa yake ya kiume, alikuwa anamwogopa mtu.

Jua likatoka. "Haya!" Nikafungua mlango, nikapiga hatua tatu, nikamtupa mwana hiti nyuma yangu juu ya bega.

Lipo jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka mingi, nalo ndilo lililonitafuna kuliko mengine. Mkono wangu haukukataa. Nilimtupa kwa nguvu. Kwa kitambo kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, nilifurahi kuwa mwepesi. Sikusikia kishindo kwa sababu masikio yalikuwa yanavuma, na sikugeuka kwa sababu niliambiwa nisigeuke. Nikatembea kwenye jua mpaka makutini. Nyuma yangu bibi maendeleo akapiga makofi mawili, akaacha.

Walipoondoka nilirudi chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, mwana hiti amezungushiwa kanga mapajani mwake. Akanipa. Akasema maneno manne tu: "Bibi yako asijue kabisa." Nami nikaelewa nilivyoelewa, kwamba alianguka. Gizani nikamkagua kwa vidole. Upande wa kichwa nilipapasa kipengo kidogo, na mpaka leo siwezi kuapa kama kilikuwapo tangu mwanzo au la. Usiku na mchana niliendelea kukipapasa kipengo kile. Bibi maendeleo aliahidi kurudi na barua ya shule. Labda alisahau, labda alihamishwa. Nilikaa ndani miezi saba mingine. Nilipotolewa kweli, kwa ngoma na kwa vigelegele, bibi alimpokea mwana hiti akamtia kapuni bila kumtazama, nami nikainamisha kichwa mpaka wakadhani ni aibu ya mwali.

Nikaolewa Mlandizi, na mwanamume mtaratibu aliyefanya kazi kwenye mitambo ya maji ya Ruvu. Mwaka wa kwanza ukapita. Mwaka wa pili ukapita. Kila mwezi nilipoziona siku zangu nilikaa chooni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikirudia hatua zile tatu na mkono ule unaorusha. Mama mkwe hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningempa hofu yangu nusu na nusu ningebaki nayo. Alikuwa ananipikia uji wa mbegu za maboga, ananiletea mizizi, ananiuliza kwa upole, "Mwezi huu je, mwanangu?" Mwaka wa nne akaanza kumtaja binti mmoja wa Kwala, mtoto wa watu, ana adabu, ana mgongo wenye nguvu. Hakusema kitu juu yake. Alimtaja tu, kama mtu anavyotaja mvua.

Kila nilipokwenda Marui bibi aliniuliza, "Hukumwangusha, mwali mie?" Nami nilimjibu, "Sikumwangusha, bibi." Alikufa nikiwa nimemdanganya hivyo. Mama alikuwa anasikia, naye alikaa kimya, na kimya chake nikakihesabu kuwa ushahidi.

Nilikuwa nafanya kazi wakati huo kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, kilichoanzishwa na akina mama wa chama. Ukombozi ulinipata kwa mlango huo: nilikuwa na kibarua changu, nilikuwa nasimama mkutanoni na kusema. Niliimba nyimbo za maendeleo mbele ya watoto thelathini wa watu. Jioni nilirudi nyumbani kungoja talaka au mke mwenza, kimojawapo.

Siku zile Bara hapakuwa na televisheni yake. Wenye vyeo wachache waliokuwa na sanduku hilo walisimika milingoti mirefu na kudaka matangazo ya Visiwani, picha imejaa chenga kama mtu anapepeta mchele mbele yako. Mhandisi mmoja wa mitambo ya maji alikuwa nalo, na mke wake alikuwa na moyo wa kukaribisha watu. Mara kwa mara baada ya alasiri alifungua mlango na akina mama wa jirani tukajaa sebuleni, tumekaa mkekani. Mama mkwe alipenda sana. Aliwaitikia watangazaji salamu.

Siku moja mke wa mhandisi akatuita kwa haraka. Kuna kipindi cha wanawake, alisema, na ni cha kwetu huku huku, filamu ya Bara. Nilipoona mwanamke juu ya trekta nikaijua filamu ile. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba filamu zile hupelekwa ughaibuni, nami kwa miaka yote nilijifariji kwamba wazungu ndio walioniona. Wakaja wanawake wa mgambo, wakipiga kwata. Nilitaka kuinuka. Mama mkwe alikuwa ameegemea goti langu, na kumwondoa kungekuwa kujitangaza.

Kisha mlango wa kwetu ukatokea. Nikaujua kwa bawaba yake iliyofungwa kamba. Mlango ukafunguka.

Nilijifunika kanga usoni. Sikuona chochote zaidi. Nilisikia sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyeshiba, ikisema kwamba binti huyu ametupa minyororo ya kale, na kwamba leo hii yuko shule ya sekondari, anajiandaa kulitumikia taifa. Chini ya kanga hasira ikanipanda. Sekondari! Mimi niliyeishia la sita, niliyerudishwa chumbani hata vumbi la gari lao halijatulia. Walinionyesha nchi nzima nikiwa huru, na hakuna hata mmoja wao aliyerudi kutazama kama mlango ulibaki wazi.

"He!" akasema mwanamke mmoja. "Kamtupa mwana hiti!"

Sebule yote ikaguna. Nilihisi uzito wa mama mkwe ukiondoka gotini kwangu. Akanifunua kanga usoni, taratibu, kama anavyofunuliwa mwali, akanitazama, kisha akakitazama kile kioo cha chenga ambacho sasa kilikuwa kinaonyesha mambo mengine.

"Yule ni wewe," alisema. Hakuuliza.

Nilikuwa nahesabu nguo zangu, nikiwaza sanduku lipi nitachukua na basi gani litanifikisha Kisarawe kabla ya giza.

Mama mkwe akawageukia wenzake. "Mbona mnaguna? Hamkuona? Kadakwa yule. Kuna mwanamke mle ndani gizani, katandaza kanga kwa mikono miwili, kamdaka hata hajafika chini." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Mama yako yule?"

Wengine walisema hawakuona, chenga zilikuwa nyingi. Mmoja alisema labda aliona. Mimi ndiye sikuona kabisa, na televisheni si mtu, huwezi kuiambia irudie. Njiani mama mkwe alinishika mkono na hakumtaja binti wa Kwala, wala siku hiyo wala baadaye. Lakini nilijiuliza kama aliona kweli, au alinihurumia. Alikuwa mtu wa kuweza yote mawili.

Kesho yake nikaomba ruhusa nikaenda Marui. Mama nilimkuta uani anamenya muhogo, makuti ya ua yameshaoza na kubadilishwa mara nyingi. Nikamwamkia, nikakaa, nikachukua kisu nikamsaidia. Mihogo mitatu ilikwisha kabla sijapata sauti.

"Mama, siku ile ya watu wa sinema. Mwana hiti alianguka?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Aanguke vipi? Si nilimdaka?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia kwa nini hukuniambia, miaka minane, mama, miaka minane nimekufa kila mwezi, bibi ameniuliza mpaka amekufa na wewe umekaa kimya! Sikuwahi kumpandishia mama sauti. Kisu kilianguka mchangani. Mama alingoja nimalize. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa utomvu wa muhogo, na aliitazama hiyo mikono badala ya kunitazama mimi.

"Nilidhani unajua," alisema. "Wote wale wa serikali wamesimama, baba yako kajificha barazani, nami sina neno la kusema. Nikasema moyoni, mwanangu ana akili, anajua niko nyuma yake. Ndiyo maana akatupa kwa nguvu vile, ili anifikie." Akajifutia mikono kwenye kanga. "Miaka yote hii najisifu kwa hilo. Si ulinirushia mimi?"

Watoto walikuja baadaye, wawili, na sijui kwa nini walichelewa wala kwa nini walikuja. Madaktari wana maneno yao na mama mkwe alikuwa na yake. Lakini siku ile, uani, hawakuwapo bado. Tulikuwapo mama na mimi tu. Nilikumbuka mkono wangu ulivyokuwa mwepesi, na nilivyokwenda kwenye jua bila kumfikiria yeyote.

"Ndiyo, mama," nilimwambia. "Nilikurushia wewe."